Tembe za Tumbo Si Peremende

Wahenga hawakubwata waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza: hata anayeyatuliza maradhi kwa dawa ya kuazima, naye na ajihadhari. Ndugu msomaji, nipe sikio kidogo. Ninayoyaandika hapa sikusimuliwa, niliyatenda kwa mikono yangu hii miwili.

Mwaka jana nikiwa kidato cha pili, tumbo lilikuwa likinisokota kila mwezi hadi najikunja kama jongoo. Mama akanipeleka zahanati. Daktari akanipima, akaniuliza maswali mengi, kisha akaniandikia tembe za hayosini. Kwenye bahasha paliandikwa 2x3, yaani tembe mbili, mara tatu kwa siku, kwa muda wa siku tatu. Jumla tembe 18. Siku ya pili ilipoisha sikuwa na maumivu tena, nikaacha kumeza. Tembe sita zikabaki mkobani.

Basi Jumatatu moja, rafiki ninayekaa naye dawati moja akaanza kulalamika kwamba anaumwa karibu na kitovu. Nikadhani ni yale yale yetu ya wasichana. Nikampa tembe mbili, akameza. Zile nne nikamfungia kwa karatasi niliyoirarua daftarini, nikamwambia, "Meza mbili jioni na mbili kesho asubuhi." Lo! Nilijiona daktari bingwa. Jumanne akasema ana nafuu kidogo, ila maumivu yameteremka upande wa kulia. Jumatano usiku akatapika, mwili ukachemka, akakimbizwa hospitali. Kumbe kilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimeshapasuka! Alipasuliwa usiku huo huo. Daktari alipomwuliza mama yake ni dawa gani mtoto amemeza, mama hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni kipande cha karatasi chenye hesabu zangu za aljebra.

Rafiki yangu alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini alikosa mitihani ya muhula, nami nikakosa usingizi. Sisemi kwamba tembe zangu ndizo zilizopasua kidole tumbo, la hasha. Nasema zilitupa matumaini ya uongo, tukapoteza siku ambazo angekuwa mbele ya daktari.

Hayosini yenyewe si dawa mbaya. Matumbo yetu yana misuli inayojikaza na kulegea bila sisi kuiamuru. Ikijikaza kupita kiasi ndipo tunasikia msokoto. Dawa hii huzuia ujumbe wa neva unaoiambia misuli ijikaze, nayo ikalegea. Lakini haiui mdudu, haizibi kidonda, wala haiponyi kidole tumbo. Ni kama kumnyamazisha mtoto anayelia bila kuuliza analilia nini.

Tena ujumbe huo wa neva haufanyi kazi tumboni tu. Hufika mdomoni, machoni, moyoni na kwenye kibofu. Ndiyo maana anayemeza anaweza kukaukwa na mate, kuona ukungu, moyo kumwenda mbio, kufunga choo au mkojo kukataa kutoka. Wengi hawapati shida kubwa. Lakini mtu mwenye glakoma, mzee ambaye tezi dume lake limevimba, mwenye maradhi ya moyo kwenda mbio, au mwenye utumbo ulioziba anaweza kudhurika. Wewe unayemgawia jirani tembe, je, umemwuliza hayo? Mimi sikuuliza hata moja!

Kuna pia suala la kuchanganya dawa. Baadhi ya dawa za mzio, hasa zile zinazoleta usingizi, nazo hukausha mdomo na kuleta ukungu machoni. Ukizimeza pamoja na hayosini madhara yanaongezeka. Kwa hiyo ukifika mbele ya daktari au mfamasia, mtajie kila unachokunywa, hata kama ni mitishamba ya nyanya. Usione haya.

Nawasihi wenzangu tushike haya. Kwanza, 2x3 si tembe sita kwa mkupuo. Ni mbili asubuhi, mbili mchana na mbili usiku. Pili, ukisahau wakati mmoja, usizidishe mara ya pili ili kufidia. Tatu, dawa ikae katika bahasha yake yenye jina na maagizo, mbali na watoto. Nne, zikibaki, mwulize mfamasia uzifanyie nini, usiziweke akiba ya darasa. Tano, tumbo likiuma kwa ukali bila kukoma, au likija na homa, kutapika, damu kwenye choo au kuzirai, usitafute tembe. Tafuta hospitali. Na anayeendesha akiwa na homa apimwe choo maabara, kwani huenda ni ugonjwa wenye tiba yake tofauti kabisa.

Najua wengine watasema, "Wee, hospitali kuna foleni, na nauli ya matatu je?" Ni kweli, mambo ni magumu, na kwa kemisti ni karibu. Lakini nchi yetu ina Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, na si kwa bure kwamba dawa nyingine haziuzwi ila kwa cheti cha daktari. Ikiwa muuza dawa mwenyewe amewekewa mipaka, sembuse mimi wa kidato cha tatu?

Na kwa walimu wetu wapendwa, naomba niseme kwa heshima. Mara nyingi tunagawana tembe kwa sababu tunaogopa kuomba ruhusa. Mtu akisema anaumwa na tumbo anaambiwa anajisingizia ili akwepe hesabu. Wako wanaojisingizia, sikatai. Lakini heri wajanja kumi waende zahanati bure kuliko mgonjwa mmoja abaki darasani na kidole tumbo. Shule iwe na daftari la wagonjwa, na mwalimu wa zamu amwulize mwanafunzi ameza nini na lini, ayaandike. Karatasi hiyo ndiyo ingemsaidia daktari usiku ule.

Rafiki yangu na mimi bado tunakaa dawati moja. Ana kovu tumboni, nami nina langu lisiloonekana. Siku hizi mtu akiniomba tembe namwambia, "Sina, twende kwa mwalimu nikusindikize." Huo ndio urafiki. Kalamu yangu naitua hapa.