Kiwanja cha Ikulu si cha dhehebu moja

Mhariri,

Hapa Nyacheki, huku Bobasi, Ijumaa jua likianza kuzama Msabato huharakisha shughuli zake afunge duka. Jumapili ni zamu ya Wakatoliki kuitana misani. Hakuna aliyewahi kuiomba serikali iamue siku ipi ni ya Mungu, na ujirani haujaharibika.

Kwa hiyo habari iliyotoka Ikulu ya Nairobi Julai 2025 haifai kunyamaziwa. Rais William Ruto alithibitisha kwamba anajenga kanisa ndani ya Ikulu. Magazeti yalitaja waumini 8,000 na gharama ya Shilingi bilioni 1.2. Jibu lake lilikuwa kwamba fedha ni zake na hamwombi mtu radhi.

Fedha ni zake, sawa. Je, kiwanja? Kwake Sugoi anaweza kujenga kanisa la ukubwa autakao, na hapo hana wa kumhoji. Lakini Ikulu ni mali ya Mwislamu wa Garissa, ya Mhindu wa Kisumu na ya Mkenya asiyesali kabisa. Ibara ya 8 ya Katiba ya 2010 ni fupi kuliko karibu zote, nayo yasema Kenya haina dini ya taifa.

Wasabato wa Gusii ndio wanaopaswa kulia kwanza. Wanafunzi wa imani yao waliwahi kuadhibiwa shuleni kwa kukataa masomo ya Jumamosi. Kanisa lao likaenda mahakamani, likashindwa, likakata rufaa. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki: waachiwe Sabato yao, tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Rais wa wakati huo alikuwa Mkatoliki. Watoto hao hawakuokolewa na rais wa dhehebu lao, bali na sheria isiyopendelea dhehebu lolote. Sheria hiyo ikilegezwa leo kwa ajili ya Ikulu, kesho watashika nini?

Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki, Philip Anyolo, aliagiza mamilioni ambayo Rais alitoa katika parokia ya Soweto, Nairobi, yarudishwe. Kanisa lilijua mpaka wake; Ikulu nayo ijue wake.

Wabunge wa Kisii na Nyamira waulize Bungeni: ni sheria gani iliyoruhusu ardhi ya umma itumike hivyo? Na watakaokuja Nyacheki kuomba kura kabla ya Agosti 10, 2027, watoe msimamo wao kuhusu Ibara ya 8 sokoni, mbele ya watu wa dini zote, wala si madhabahuni.

Msomaji,
Nyacheki, Kisii