Kwa nini nasoma sheria na usuluhishi kwa mpigo

Wadau, nilipotea wiki mbili, mitihani ilinibana kweli kweli. Nimerudi na jambo moja tu, manake maswali yamezidi. Kila nikipiga simu nyumbani naulizwa: hivi wewe unasoma sheria au unasoma kupatanisha watu? Mjomba ndiyo kabisa. Anasema kupatanisha ni kazi ya wazee wenye mvi, haihitaji mtu kupanda ndege.

Nasoma vyote viwili. Hapa Marekani digrii ya sheria, wanaiita JD, ni miaka mitatu baada ya digrii ya kwanza. Uzamili wa usuluhishi wa migogoro kwa kawaida ni miwili. Ukizichukua pamoja unamaliza kwa minne, kwa sababu masomo kadhaa yanahesabiwa pande zote. Hata hivyo huo ni mwaka mmoja zaidi ya wenzangu wa sheria tupu, na kwa sisi tunaobeba boksi usiku, mwaka mmoja wa ada si mchezo. Wananicheka: unalipia mwaka mzima kujifunza "tukae tuongee"?

Sasa sikilizeni. Baba yangu na baba mdogo walishtakiana kwa shamba la ekari tatu kule Kilosa. Miaka tisa! Baraza la kata, baraza la wilaya, mpaka Mahakama Kuu. Baba akashinda. Nakala ya hukumu ninayo, na nikiisoma leo kwa macho ya mwanasheria sioni kosa. Ila baba alipofariki mwaka 2019, mdogo wake hakuja msibani. Watoto wake, ambao ni ndugu zangu kabisa, tunapishana njiani kama hatujuani. Sheria ilifanya kazi yake yote, na shamba lenyewe sasa ni pori.

Mtasema basi usuluhishi ndiyo dawa. Subirini kwanza. Shangazi yangu alifiwa na mume. Kikao cha ukoo kilimkalisha kwa upole kabisa, chai na maandazi, akakubali "kwa ajili ya amani" kuwaachia shemeji zake nyumba aliyoijenga na marehemu. Hakuna aliyegomba. Watu walisifu hekima ya wazee mwezi mzima. Hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kwenda mahakamani. Aliondoka na sufuria zake na cherehani.

Ndiyo maana sitaki kusoma kimoja halafu kingine baadaye. Nataka vigombane kichwani mwangu wiki hiyo hiyo. Asubuhi nafundishwa kushinda, mchana naambiwa niache kutafuta mshindi, niulize watu hawa wanahitaji nini hasa. Usiku nabeba boksi huku nabishana peke yangu.

Na wale wanaosema hii si sheria ya kweli, waangalie takwimu za huku kwao. Profesa Marc Galanter alionyesha mwaka 2004 kwamba kesi za madai za mahakama za shirikisho zilizomalizwa kwa kusikilizwa mahakamani zilishuka kutoka asilimia 11.5 mwaka 1962 hadi 1.8 mwaka 2002. Nyingine zote zinaishia kwingine, nyingi mezani, watu wakielewana. Wakili anayejua kupigana tu anajiandaa kwa siku ambayo pengine haitafika.

Nyumbani nako, marekebisho ya mwaka 2021 yaliyanyang'anya mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua kesi za ardhi. Yakabakiziwa kupatanisha, na yakapewa siku 30 za kujaribu. Naunga mkono nusu. Laiti baba na baba mdogo wangepata siku 30 za namna hiyo mbele ya mtu anayejua kazi! Lakini nikimfikiria shangazi naogopa. Kwangu mimi mpatanishi lazima aijue sheria kiasi cha kusimama na kusema: hapa hatuendelei, huyu mama hajaambiwa haki zake.

Mwalimu wangu wa usuluhishi hakubaliani nami. Anasema ukianza kumshauri mmoja umeshakuwa wakili wake, si mpatanishi tena. Tulibishana mpaka koridoni. Ana hoja, nakiri. Basi aambiwe na mtu mwingine, lakini aambiwe kabla chai haijamiminwa. Hapo sirudi nyuma.

Jumapili nilimpigia baba mdogo, mara ya kwanza tangu msiba. Nilikuwa nimeandaa maneno kama tunavyofundishwa, yote yakanitoka. Akaniuliza huko baridi ipo? Nikasema ipo. Akasema, "Vaa sweta, mwanangu." Simu ikakatika, sijui salio au nini. Nitampigia tena Jumapili hii.

Haya, zamu yangu ya boksi inaanza saa nne. Mjomba, najua unasoma, tuma maoni.