Bibi yuko kulia, kompyuta inasikia kushoto!

Kama na kwenu kuna boksi la kaseti uvunguni linaliwa na vumbi, leo tulia usome mpaka mwisho. Kisa hiki kitakuokolea hela, na pengine kitu kikubwa kuliko hela.

Juzi juzi nilikuwa Kibiti kwa mjomba. Mzee yule hatupi kitu. Akanitolea kaseti moja ya dakika 60, imeandikwa kwa peni: "Mama, 1984."

"Humu yumo bibi yako," akasema. "Nilimfuata kule delta na redio yangu ile kubwa ya maikrofoni mbili. Moja nikaishika mimi, moja nikamwekea yeye."

Bibi alishatangulia mbele ya haki siku nyingi, na mimi sauti yake siikumbuki hata chembe. Humo, kwa maelezo ya mjomba, anasimulia aliyoyasikia kwa baba yake kuhusu Königsberg, ile meli ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikono ya mto Rufiji mwaka 1914. Waingereza wakaitwanga mizinga hadi wenyewe wakaizamisha, Julai 11, 1915. Vitabuni utaikuta, lakini kwa mdomo wa bibi yangu ni humo tu.

Nikamwambia mjomba, kaseti hii inazeeka, tuitie kwenye kompyuta. Anayo moja ndogo ya mezani, kama kitabu kinene tu, aliachiwa na mwanawe. Nikajigamba kwamba ni kazi ya nusu saa. Weee!

Nikaazima kaseti pleya ya mfukoni, nikachukua waya wenye pini mbili ndogo, huku kwenye tundu la hedifoni la pleya, kule kwenye tundu pekee la sauti la kompyuta. Kimya! Kumbe tundu lile moja linafanya kazi mbili: linatoa sauti ya stirio kwenda masikioni, na linapokea maikrofoni. Linataka pini ya mistari mitatu myeusi kama ya hedifoni za simu. Pini yangu ilikuwa na mistari miwili, kompyuta ikadhani nimechomeka hedifoni tu.

Nikaenda kwa fundi mmoja pale mjini. Akanipa kiunganishi cha kugawa tundu lile kuwa mawili, la hedifoni na la maikrofoni. Nikachomeka, sauti hiyo! Mimi na mjomba tukasogea. Ikasikika sauti ya kijana: "Shikamoo mama... Haya, nieleze ile meli." Kimya. "Eee... halafu ikawaje?" Kimya. "Wakakimbilia wapi?" Kimya tena.

Maswali yote yapo, majibu hakuna hata moja! Nikarudi kwa fundi. Akasikiliza, akatikisa kichwa: "Braza, kaseti imefutika hiyo, tupa."

Mjomba hakusema neno. Alikwenda kukaa nje chini ya mwembe, na chakula cha usiku hakukigusa. Nilijisikia kama nimemzika bibi mara ya pili.

Usiku usingizi haukuja. Nikavaa hedifoni, nikazichomeka moja kwa moja kwenye pleya, nione kama kuna walau mnong'ono. Sikio la kushoto, mjomba anauliza. Sikio la kulia... mama yangu wee! Bibi anajibu, anacheka, anakohoa, kuku wanalia nyuma yake! Nikamwamsha mjomba saa nane ya usiku nikamvika hedifoni. Ninyi wenyewe jazeni kilichotokea.

Sasa elimu ndiyo hii. Stirio ni sauti mbili zinazokwenda sambamba, ya kushoto na ya kulia. Maikrofoni mbili za mjomba kila moja iliandika upande wake. Lakini maikrofoni ya kompyuta hizi ndogo kwa kawaida ni mono, ina sikio moja. Ilichukua ncha ya pini, ambayo ni kushoto, na kulia ikaachwa nje ya mlango. Isitoshe, tundu la maikrofoni limezoea umeme mdogo sana. Ukiliingizia sauti ya pleya, inakwaruza.

Dawa niliipata Kariakoo, Dar: kidude cha kuchomeka kwenye USB, chenye matundu mawili ya kuingizia sauti, jeupe kushoto na jekundu kulia. Kuwa macho hapa. Vipo vidude vya bei chee vyenye matundu mawili pia, lakini moja ni la hedifoni na jingine ni la maikrofoni ya mono. Hicho ni kimeo kilekile. Tafuta chenye maandishi LINE IN na uhakikishe ni stirio.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Kibiti. Programu nikatumia Audacity, ya bure. Unachagua kidude chako, unaweka chaneli mbili, sauti ya pleya unaiacha katikati, isigonge juu kabisa. Kisha jaribu: chomoa pini nyekundu, ule mchoro wa kulia unatakiwa ulale. Michoro yote miwili ikifanana kama mapacha, umeliwa, hiyo ni mono imenakiliwa mara mbili. Na uzime mambo yote ya kompyuta ya kusafisha kelele. Yatakufutia kuku wa bibi!

Dakika 60 zilikula kama megabaiti 600, flashi ndogo tu inatosha. Tulitengeneza tatu: ya mjomba, ya mama yangu, na ya kupeleka Nyamisati kwa ndugu. Kaseti yenyewe imerudi kwenye boksi, haitupwi.

Mjomba sasa kila jioni anaisikiliza. Mwisho wa upande wa pili bibi anamgeuzia maswali: "Na wewe mwanangu, umekula?" Kimya kidogo, halafu kushoto anajibu: "Bado, mama." Mzee akifika hapo hurudisha nyuma.

Kwa hiyo mshikaji, fundi akikwambia kaseti imekufa, vaa kwanza hedifoni, masikio yote mawili. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.