PUMU ISINGOJEWE IBANE

Kila mwaka, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Mei, mataifa huadhimisha Siku ya Pumu Duniani. Siku hiyo ikipita, maradhi haya husahauliwa mpaka mgonjwa akimbizwe hospitali usiku wa manane, akitweta. Kwa maoni yetu, mazoea haya ya kungojea mgonjwa abanwe ndiyo hatari kubwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na kwamba watu 455,000 walifariki kwa ajili yake. Wengi wa marehemu hao walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, ambako maradhi hayatambuliwi mapema wala dawa hazipatikani kwa urahisi.

Yafaa wananchi wafahamu jinsi pumu ifanyavyo kazi. Mirija ya hewa ya mgonjwa huweza kuwa na uvimbe ndani yake hata siku ambazo hasikii taabu yoyote. Apatapo moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli inayoizunguka mirija hiyo hukaza, uvimbe huzidi, na makohozi mazito huziba nafasi ndogo iliyosalia. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Ndipo kifua hulia kama filimbi.

Kwa hiyo dawa ni za namna mbili. Salbutamoli hulegeza misuli ndani ya dakika chache, lakini haiondoi uvimbe. Uvimbe hutulizwa na dawa za kuvuta za jamii ya steroidi, kama vile beklometasoni na budesonidi, ambazo hutumiwa kwa utaratibu uliopangwa na mganga. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, lilishauri kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe tena kwa salbutamoli peke yake.

Wako wanaodai kwamba inhela humzoeza mgonjwa hata asiweze kuiacha. Dai hilo halina msingi. Dawa ivutwayo huenda moja kwa moja mapafuni, na kipimo chake ni kidogo kuliko cha vidonge. Wala umaskini usiwe kisingizio kwa watoto wasioweza kuivuta vizuri: mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni na kuunganishwa barabara na inhela, humfaa mtoto sawa na kifaa cha kiwandani.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tunauunga mkono, lakini mtoto anayekohoa jikoni leo hawezi kungojea mwaka huo.

Tunazisihi halmashauri zihakikishe kwamba dawa za kutuliza uvimbe zinafika hadi zahanati. Waganga nao wamwonyeshe kila mgonjwa namna ya kuvuta dawa, na mgonjwa asiiache kwa sababu tu amepata nafuu. Anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo yake ikageuka rangi, apelekwe hospitali mara moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pumu, ufa huo ni uvimbe usioonekana, na dawa ya kuuziba inajulikana.