Jiwe la Mugere na Majumba ya Mabwana

Ni desturi njema kwa askari wetu, wa jeshi na wa polisi, kuzuru mahali pa kale wapatapo nafasi. Wapitao barabara ya ziwa kutoka Bujumbura kwenda Rumonge husimama Mugere, wakalitazama jiwe kubwa lililochorwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Hupiga picha, kisha safari ikaendelea. Sisi twaona kwamba kuzuru kwa namna hiyo hakutoshi.

Jiwe lile lasema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Wazungu wale wawili walifika kwa mtumbwi kutoka Ujiji, na waliopiga makasia hawatajwi popote. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, walikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya bwana wao hadi Bagamoyo alipofariki mwaka 1873. Ni wangapi kati yetu wayajuao majina yao?

Hali ni hiyo hiyo katika majumba ya wenye mashamba ya zamani. Huko Jamaika, katika visiwa vya Karibi, jumba la Rose Hall, lililojengwa karne ya 18 kwa mali ya miwa na jasho la watumwa, huzuriwa na wageni wengi. Kinachovuma zaidi ni hadithi ya mzimu wa bibi wa nyumba ile, kuliko habari za waliokata miwa. Uingereza ilipopitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, fidia ya pauni milioni 20 walitengewa mabwana. Watumwa hawakupata hata senti moja.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya ng'ambo tu. Shangani, mjini Zanzibar, ingaliko nyumba ya Tippu Tip yenye mlango wa nakshi. Mwenyewe alitajirika kwa pembe za ndovu na watumwa, akamiliki mashamba ya mikarafuu. Mshirika wake Rumaliza alikaa Ujiji, akatuma watu wake kushambulia nchi za kandokando ya ziwa letu. Waliotekwa walipitishwa Ujiji na Tabora, na wale waliosalimika njiani wakafikishwa pwani. Wengine waliishia kuchuma karafuu Unguja. Mashujaa wa Mwami Mwezi Gisabo waliwazuia wavamizi hao wasiitwae milima ya Burundi, na hiyo ni sifa ambayo kila askari wetu yampasa kuijua.

Lakini ipo habari nyingine, nayo ni chungu zaidi kwa sisi tushikao silaha. Jumba la bwana halikusimama kwa mawe na chokaa peke yake. Jamaika, watumwa walipoinuka mwishoni mwa mwaka 1831 wakiongozwa na Samuel Sharpe, waliovunja maandamano yao ni wanajeshi na wanamgambo, na Sharpe akanyongwa mwaka 1832. Misafara ya watumwa katika nchi zetu ililindwa na wenye bunduki, na wengi wao walikuwa Waafrika. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, askari wao walikuwa weusi kama wale waliopigwa kiboko, nao walizungumza Kiswahili hiki hiki tunachokiandika.

Kwa hiyo, ndugu askari, twapendekeza kwamba kila kikosi kinapopelekwa kuzuru mahali kama hapo, kiongozi wake awape watu wake maswali matatu. Ni nani aliyejenga? Ni nani aliyelima? Na ni nani aliyesimama mlangoni na silaha, kwa amri ya nani na kwa faida ya nani? Wazee wa Rumonge waulizwe pia, maana habari nyingi za ufuko huu hazijachorwa jiweni.

Swali la tatu ndilo letu. Anayelima michikichi na kukamua mawese Rumonge, na mvuvi anayerudi alfajiri na dagaa wake, ndio wanaolipa kodi inayotuvika sare. Askari anayelijua hilo hatakubali kamwe kuwa kiboko mkononi mwa bwana yeyote.