Dawa ya Tezi na Neno "Asili"

Dada mmoja wa Kisauni ametuandikia kwamba tezi yake ya thairoidi, iliyo shingoni, imedhoofika, na daktari amempa vidonge vya levothairoksini avimeze kila siku, pengine maisha yake yote. Jamaa yake aliye ng'ambo amhimiza aviache; atamletea dawa "ya asili" iliyotengenezwa kwa tezi ya mnyama. Ashike ipi?

Twaanza na neno hilo "asili", maana ndilo lililomvutia. Mwaka 1891 tabibu George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mgonjwa kwa maji ya tezi ya kondoo, nayo ilikuwa kheri kubwa zama zile. Lakini dawa ya tezi kavu iuzwayo leo hutokana, kwa kawaida, na nguruwe. Muuzaji huandika "asili" kwa herufi kubwa; nguruwe humwandika kwa ndogo. Je, haiwi dharura? Dharura huja pasipo na halali, na hapa ipo: levothairoksini hutengenezwa kiwandani, nayo ni homoni ile ile itolewayo na tezi ya mwanadamu, kwa kipimo kijulikanacho. Madaktari huitanguliza hiyo hata pasipo suala la dini.

Habbasoda na asali hatuzikatazi, ila hazijazi pengo la homoni. Na mwenye kuacha kidonge asidanganyike akijiona mzima siku mbili tatu, kwani dawa hukawia kuisha mwilini. Kisha huja uchovu, baridi na kufunga choo. Na kwa mwenye mimba, khatari humfikia mtoto.

Kidonge chataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Wenye kuvuka feri ya Likoni mapema wakimeze waamkapo, kabla ya swala ya alfajiri. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vikae mbali nacho muda wa saa nne. Damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, dozi ikarekebishwa.

Ramadhani ameze nusu saa kabla ya daku, au wakati wa kulala, muda wa saa tatu baada ya kula. Akishika mimba awahi kliniki mara moja, asingoje tarehe yake, kwani haja ya dawa huongezeka mapema. Na chupa ya ng'ambo ikifika, asome maandishi ya nyuma: akiona neno porcine, ndiye nguruwe.