Kivu Kusini: Seva iko Afrika Kusini, ufunguo uko Luvungi

Desemba 2025, siku chache baada ya Félix Tshisekedi na Paul Kagame kutia saini makubaliano ya Washington, vita viliingia Luvungi na kuendelea hadi Uvira. Mtu anayekimbia kwenye barabara ya taifa namba 5 hubeba watoto na godoro. Rejista za wagonjwa, orodha za wanafunzi na hesabu za vyama vya wakulima hubaki nyuma, na ordinateri ya ofisi huwa kati ya vitu vya kwanza kuporwa.

Kwa hiyo kukodi mashine kwenye wingu si mambo ya vijana wa Kinshasa peke yao. Wingu lenyewe ni majumba yaliyojaa seva: Microsoft ilifungua yake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Seva moja hugawanywa kuwa mashine pepe nyingi, kila moja na memori yake na diski yake, na mteja hulipia muda anaotumia.

Kuianzisha si kazi ngumu. Mteja hufungua akaunti kwa barua pepe, namba ya simu na kadi ya benki. Huchagua eneo, mfumo kama Linux, na ukubwa. Kwa rejista ya kituo kidogo cha afya, gigabaiti 1 ya memori inatosha kuanza. Kisha hutengeneza funguo mbili: wa wazi hukaa kwenye seva, wa siri hubaki kwake, na kwa kawaida huupakua mara moja tu. Akiupoteza, kurudi ndani ni shida. Huacha mlango namba 22 wazi, huchukua anwani ya IP ya mashine, na kuingia kwa njia ya SSH.

Simu ya Android yenye programu ya Termux inatosha. SSH hupitisha maandishi tu, kwa hiyo hata mtandao dhaifu wa uwanda wa Ruzizi huibeba. Anayetaka kuona dirisha zima la Windows ndiye atakayeteseka na kumaliza megabaiti. Mashine lakini huja tupu. Lazima apatikane mtu wa kuweka programu ya rejista na kuitunza.

Kizuizi kikubwa ni malipo. Benki za Bukavu zilifungwa Februari 2025 mji ulipoanguka mikononi mwa M23. Watu wanaishi kwa M-Pesa na Airtel Money, huku kampuni hizo kubwa zikitaka Visa au Mastercard. Suluhisho la haraka ni ndugu aliye Bujumbura, Nairobi au Ubelgiji kuweka kadi yake. Hapo mwenye akaunti si kituo cha afya tena, ni ndugu huyo. Wakigombana, au kadi ikikataliwa, mashine husimamishwa na mwishowe hufutwa na vyote vilivyomo. Hata kuizima hakuondoi deni lote: diski inaendelea kulipiwa, na tangu Februari 1, 2024 Amazon hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya wazi, karibu dola 3.6 kwa mwezi. Ni kidogo huko Ulaya; Luvungi ni pesa ya chakula.

Kuna pia hatari ya kizuizi cha barabarani. Simu ikikamatwa na ufunguo hauna neno la siri, aliyeichukua ana majina ya wagonjwa wote. Ufunguo ufungwe kwa neno la siri, na mtu wa pili, aliye mji mwingine, awe na ufunguo wake mwenyewe ili aweze kuufuta ule wa kwanza siku hiyohiyo.

Nakala ya flashi isitupwe lakini. Mei 12, 2024 kebo za baharini EASSy na Seacom zilikatika kati ya Afrika Mashariki na Afrika Kusini, na kwa siku kadhaa mtandao ukawa wa kusuasua kuanzia Kenya hadi Msumbiji, pasipo risasi hata moja.